Mwili usiopenda mazoezi: namna ya kupanga ratiba kulingana na ulichorithi

Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, chungu kimoja, shule moja. Mmoja akikosa mpira siku mbili hana raha. Mwenzake ukimwachia kochi hashuki mpaka jioni. Huyu wa pili huitwa mvivu. Jina hilo halimsaidii, na kwa sehemu kubwa anaonewa, kwa sababu hamu ya kuutumikisha mwili ni miongoni mwa mambo tunayorithi. Mwongozo huu ni wake, na wa kila aliyeanza mazoezi Januari akaacha Februari. Unaeleza kinachorithiwa hasa, namna ya kuusoma mwili wako bila kulipia maabara, na namna ya kupanga ratiba kuanzia hapo.

Kinachorithiwa

Ushahidi mzito unatoka kwa mapacha. Wale wa kufanana wana jeni zilezile. Wasiofanana wanakaribiana kijeni kama ndugu wengine wowote. Ikiwa mapacha wa kufanana wanalingana zaidi katika tabia fulani kuliko wasiofanana, ilhali wote wamelelewa nyumba moja, basi urithi una mkono wake hapo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jozi 37,051 za mapacha wa miaka 19 hadi 40 kutoka Australia, Denmark, Finland, Norway, Sweden, Uholanzi na Uingereza. Waliulizwa kama wanafanya mazoezi katika muda wao wa mapumziko. Jeni zilieleza kati ya asilimia 48 na 71 ya tofauti baina ya watu, isipokuwa kwa wanaume wa Norway, ambao kwao zilieleza asilimia 27 tu.

Asilimia hizi husomwa vibaya mno. Hazisemi kwamba nusu ya uzito unaokushika alfajiri umetoka kwa mama yako. Zinazungumzia kundi: ukiwatazama watu wengi wanaoishi mazingira ya aina moja, ni kiasi gani cha tofauti zao kinafuata jeni. Mazingira yakibadilika, asilimia nayo inabadilika. Hao wanaume wa Norway wanatosha kuonyesha hilo.

Umri nao unabadilisha mambo. Kwa vijana wa Uholanzi wa miaka 13 hadi 16, nyumbani na mazingira ya pamoja yalieleza karibu asilimia 80 ya tofauti za kushiriki michezo. Kwa wale wa miaka 19 na 20, jeni zilieleza asilimia 85. Mtoto anacheza kwa sababu shule ina uwanja na mzazi anamnunulia viatu. Akishajitegemea, mwili wake ndio unaoamua.

Usitafute jeni moja ya uvivu, haipo. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliopitia vinasaba vya watu zaidi ya 700,000 ulikuta maeneo 99 yanayohusiana na kufanya mazoezi au kukaa kitako, na kila eneo lina mchango mdogo sana. Asilimia 94 ya watu hao walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika hawakufika asilimia 3. Likumbuke hili utakapoona tangazo la kipimo cha vinasaba mtandaoni.

Jeni hizo nyingi hufanya kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni raha. Tangu mwaka 1993 mtaalamu Theodore Garland amekuwa akizalisha panya nchini Marekani kwa kuchagua wale wanaopenda kukimbia kwenye gurudumu bila kulazimishwa. Vizazi vilivyopatikana hukimbia karibu mara tatu ya panya wa kawaida, na sehemu ya tofauti iko kwenye ubongo, katika mfumo wa dopamini unaoamua kitu gani kinaridhisha. Ya pili ni uwezo wa kuanzia: kuna mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi lakini moyo na mapafu yake yanambeba, na kuna anayetweta kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Ya tatu ni mwitikio. Katika utafiti wa HERITAGE, familia zisizo na mazoea ya mazoezi ziliendesha baiskeli ya ndani mara 3 kwa wiki kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda, lakini wengine hawakupata karibu chochote na wengine waliongeza zaidi ya lita 1 kwa dakika, kwa ratiba ileile. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilifuata familia.

Ukiziunganisha njia hizo tatu utaona kwa nini watu wanaacha. Mwili usiopata raha, unaochoka mapema, halafu wiki sita zinapita bila mabadiliko: nani angeendelea? Kwa hiyo kazi ya ratiba ni kurekebisha raha na kipimo. Kujigombeza hakugusi lolote kati ya hayo.

Kwanza, ulizia familia

Kabla ya kununua viatu, kaa na wazazi, shangazi au mjomba uwaulize mambo mawili.

Kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, aliyeanguka uwanjani, au aliyezama majini ilhali alijua kuogelea? Baadhi ya magonjwa ya moyo hurithiwa kimyakimya. Lile la misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi humpata takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi hawana dalili mpaka siku ya kujituma. Ukipata jibu la ndiyo, au wewe mwenyewe umewahi kuzimia ukiwa unakimbia, muone daktari akupime umeme wa moyo na picha ya moyo kwanza. Kutembea kwa kawaida kunaweza kuendelea, kukimbia kusubiri.

Je, kuna selimundu katika ukoo? Mwenye ugonjwa wenyewe apangiwe mazoezi na daktari wake. Aliyebeba jeni moja tu kwa kawaida ni mzima, ila misuli yake ina hatari kubwa zaidi ya kuharibika anapojituma ghafla kwenye joto. Utafiti wa wanajeshi weusi wa Marekani uliochapishwa 2016 ulikuta waliobeba jeni hiyo hawakufariki zaidi ya wenzao, lakini hatari ya misuli kuharibika ilikuwa juu kwa asilimia 54. Kwa hiyo aongeze kasi polepole kwa wiki kadhaa, asifanye mazoezi jua la mchana, anywe maji kabla na wakati wa zoezi, na asikubali kushindanishwa mbio siku ya kwanza. Misuli ikilegea au kuuma kwa namna isiyo ya kawaida, aache palepale. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, aende hospitali siku hiyohiyo.

Pili, pima raha yako

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Unahitaji siku tatu zisizofuatana, dakika 20 kila siku, kalamu na karatasi. Tumia namba kutoka -5, maana yake unajisikia vibaya sana, hadi +5, maana yake unajisikia vizuri sana. Sifuri ni katikati.

Siku ya kwanza tembea mwendo ambao ungeweza kuimba. Siku ya pili tembea kwa kasi: sentensi nzima inatoka, wimbo hautoki. Siku ya tatu panda mlima au kimbia mchakamchaka mpaka uweze kutamka maneno matatu au manne tu kwa pumzi moja. (Mwenye presha, kisukari au mimba aishie siku ya pili, mpaka aruhusiwe na daktari.) Kila siku andika namba dakika ya 5, ya 10, ya 15 na ya 20.

Namba iandikwe ukiwa ndani ya zoezi. Ukisubiri kumaliza, karibu kila mtu ataandika +3, kwa sababu kumaliza kitu kigumu kunafurahisha. Kinachoamua kama utarudi kesho ni unavyojisikia katikati ya zoezi. Kwa watu wengi raha huporomoka pale pumzi inapoanza kuzuia maneno. Chini ya hapo, watu hutofautiana sana.

Karatasi yako inaweza kuonekana hivi: siku ya kwanza +1, +1, +2, +2, siku ya pili +2, +1, 0, 0, siku ya tatu -1, -3, halafu umeacha. Mtu huyu akijiunga na kundi la mbio za alfajiri atadumu wiki mbili. Mahali pake ni kati ya mwendo wa siku ya kwanza na wa siku ya pili, na hapo anaweza kukaa miaka. Mwingine ataandika 0 kwa matembezi na +3 kwa kukimbia. Huyo kutembea kutamchosha akili kabla ya miguu.

Kisha jaribu aina kwa namba zilezile: peke yako na pamoja na mwenzako, na muziki na bila muziki, kuruka kamba, kucheza ngoma, mpira, vyuma, jembe. Chagua zile zinazobaki kati ya +1 na +3, hata kama majirani hawazihesabu kuwa mazoezi.

Tatu, kipimo cha wiki sita za mwanzo

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi magumu, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Hiyo ni shabaha. Asiye na mazoea aanze chini.

Wiki ya 1: siku 4, dakika 15 kila siku.
Wiki ya 2: siku 4, dakika 20.
Wiki ya 3: siku 4, dakika 25.
Wiki ya 4: siku 4, dakika 30.
Wiki ya 5 na 6: siku 5, dakika 30.

Siku mbili kati ya hizo ongeza dakika 10 za nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mara 10, pushapu za ukutani mara 10, halafu beba ndoo mbili za lita 10 hatua 40. Pumzika dakika moja, rudia. Ndoo hizo zikionekana nyepesi, ongeza mizunguko kabla ya kuongeza uzito.

Mwendo ni ule uliopata namba chanya kwenye karatasi yako. Ukishuka chini ya sifuri, punguza kasi palepale na umalize dakika zilizobaki.

Kwa nini siku 4, wakati wengi hupewa ratiba ya siku 3? Watafiti wa Uswisi waliochapisha mwaka 2017 waliwagawa watu 78 wenye afya katika makundi matano, wakaendesha baiskeli dakika 60 mara 1, 2, 3, 4 au 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Ambao uwezo wao haukupanda walikuwa asilimia 69 katika kundi la mara moja, 40 katika mara mbili, 29 katika mara tatu, na hakuna hata mmoja katika mara nne na tano. Wale waliokwama waliongezewa vipindi viwili kwa wiki, kwa wiki 6 nyingine, na wote wakapanda. Hao walikuwa watu wazima wa afya, na vipindi vyao vilikuwa virefu kuliko vyako, hivyo usingoje mabadiliko ya ukubwa uleule. Lakini anayesema mwili wake haukubali mazoezi, mara nyingi hajaupa kipimo unachohitaji. Jeni zilimpa mwili unaodai zaidi, na hilo lina jibu.

Nne, pima kama mwili unajibu

Mizani peke yake itakudanganya. Wapo wanaopata pumzi, usingizi na sukari nzuri bila kupungua hata kilo moja, wakakata tamaa wakiwa wanafanikiwa. Tumia vipimo hivi vitatu.

Mapigo ya moyo ya mapumziko: ukiamka, kabla hujashuka kitandani, hesabu dakika nzima kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Fanya asubuhi tatu, uchukue wastani. Tofauti ya mapigo mawili usiihesabu; usingizi mbaya au homa ndogo inatosha kuileta.

Umbali wa dakika 6: kwenye kiwanja tambarare chenye urefu unaojulikana, tembea haraka uwezavyo bila kukimbia, kisha andika mita. Fanya mara mbili siku tofauti kabla ya kuanza ratiba. Jaribio la pili mara nyingi huwa refu kwa sababu tu umeshajifunza namna ya kugawa nguvu, kwa hiyo hilo la pili ndilo la kulinganishia.

Kusimama kwenye kiti: mara ngapi kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani.

Rudia vyote mwisho wa wiki ya 6, saa zilezile, viatu vilevile. Visipobadilika, fuata mpangilio huu: ongeza siku kwanza, kisha dakika, na mwisho kabisa ukali. Ukali uongezwe siku moja tu kwa wiki, kwa mfano dakika 1 ya kasi na 2 za polepole, mara 6. Wengi huanza na ukali, raha inazama chini ya sifuri, wanaacha. Na kama pumzi imekwama lakini idadi ya kusimama kwenye kiti imepanda, mwili wako unajibu vizuri mazoezi ya nguvu. Yape siku tatu.

Kwa wanaohangaika na uzito: jeni iitwayo FTO ilihusishwa na unene mwaka 2007, na aliyerithi nakala zake mbili za hatari huwa mzito kwa takriban kilo 3 kuliko asiye nayo. Uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 218,000, uliotoka 2011, ulionyesha kuwa kwa wanaoutumikisha mwili hatari ya unene inayoletwa na jeni hiyo hupungua kwa asilimia 27. Jeni iko palepale. Nguvu yake ndiyo inayopungua.

Kukaa kitako ni suala la peke yake

Mtu anaweza kutimiza dakika zake 150 na bado akakaa saa kumi kwa siku. Mwelekeo wa kukaa nao kwa sehemu unarithiwa, na pengine ni wa binadamu wote. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao kwa siku hufanya zaidi ya saa mbili za shughuli za wastani na nzito, walipovalishwa vifaa vya kupima walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni mkao: sehemu ya muda huo wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiwa kazini. Kiti chenye mgongo kinaizimisha.

Katika jaribio la Australia la 2012, watu wazima wenye uzito mkubwa waliotembea dakika 2 kila baada ya dakika 20 za kukaa walipunguza kupanda kwa sukari baada ya kula kwa asilimia 24 hadi 30. Wa ofisini, anza na kila nusu saa. Alamu ya simu huzimwa kwa mazoea baada ya siku chache, kwa hiyo jenga sababu za kusimama: kikombe kidogo badala ya chupa ya lita moja na nusu, simu zote upokee ukiwa umesimama, chaja iwe upande wa pili wa chumba. Fundi cherehani aweke pasi na mkasi mahali pa kuendea. Dereva wa bodaboda ashuke kwenye pikipiki anaposubiri abiria kijiweni. Nyumbani, rudisha mkeka na kigoda kwa saa ya taarifa ya habari. Kushuka na kuinuka sakafuni ni zoezi zuri la miguu, hasa kwa waliopita miaka 50.

Kazi isiyokupa nafasi ya kusimama kabisa, kama ya dereva wa basi la mikoani, hudai fidia. Uchambuzi wa 2016 wa watu zaidi ya milioni 1 ulikuta dakika 60 hadi 75 za shughuli ya wastani kwa siku zinafuta ongezeko la hatari ya kifo kwa wanaokaa zaidi ya saa 8.

Usisubiri hamu

Aliyerithi raha ndogo ya mazoezi akingoja hamu atangoja sana. Funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kumpeleka mtoto shule, kituo kimoja kabla ya pale unaposhukia daladala. Utafiti wa London wa 2010 ulikuta tabia mpya huchukua kwa kawaida siku 66 kuzoeleka, lakini kwa watu wengine siku 18 na kwa wengine inakadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu chochote. Mwenye siku 254 si dhaifu. Ratiba yake iandikwe ya miezi tisa.

Vipimo vya vinasaba vya kununua

Pesa hiyo nunulia viatu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo lilitamka kwamba vipimo hivyo havina nafasi katika kutambua vipaji wala kupanga mazoezi. Chukua ACTN3, inayouzwa kama jeni ya mbio fupi. Kati ya Wazungu, takriban asilimia 18 hawana nakala yake inayofanya kazi. Kati ya Wakenya ni karibu asilimia 1. Mkenya akiambiwa anayo, ameambiwa kile ambacho karibu kila mtu mtaani kwake anacho.

Vipimo hivyo vina madhara pia. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwaambia baadhi ya watu kwamba wana jeni ya kuchoka haraka, bila kujali ukweli wa vinasaba vyao. Waliporudi kwenye mashine ya kukimbilia, ustahimilivu wao ulishuka, na hata kazi ya mapafu yao ilibadilika. Mzazi anayemwambia mwanawe kila siku kwamba ni mvivu wa kuzaliwa anampa matokeo ya kipimo cha namna hiyo bure.

Kwa mtoto, shabaha ni dakika 60 kwa siku, na hadi karibu miaka 16 mzazi ana nguvu kuliko jeni. Mjaribishe michezo mitatu au minne, kila mmoja muhula mzima, kabla ya kusema hapendi. Asiyefaa kwenye mpira huenda akang'ang'ania kuogelea au karate. Angalia zaidi anapomaliza kidato cha nne. Kengele ya shule na mwalimu wa michezo vikiondoka kwa pamoja, kijana aliyekuwa akicheza kwa sababu ya ratiba husimama mwezi huohuo. Mtafutie timu ya mtaani au mwenzake wa mazoezi akiwa bado shuleni, miezi mitatu kabla ya mtihani.